Askari wa kijivu, tarbushi nyekundu: namna ya kupaka kijisanamu kwa kijivu na tone moja la rangi

Sebuleni kwa babu mzaa mama kulikuwa na picha ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki enzi za ukoloni), iliyopigwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, fremu yake imeliwa na mchwa upande mmoja. Kila kitu kwenye picha ile kilikuwa kijivu, na tarbushi kichwani ilikuwa nyeusi tii. Nilipokuwa mdogo nilimbishia babu: si naiona mwenyewe kwamba ni nyeusi? Babu akashikilia kwamba ni nyekundu, na kwamba kilicho cheusi ni shada lake tu. Nilikuja kujua baadaye kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Filamu nyingi za zamani hazikuwa na jicho la wekundu. Ziliona buluu na kijani tu, kwa hiyo kitu chekundu kilitoka cheusi, na mbingu ya buluu ikatoka nyeupe pe.

Mwongozo huu umezaliwa na ubishi ule. Tunampaka askari mzima kwa kijivu kama alivyo pichani, halafu tunamrudishia wekundu wa tarbushi peke yake. Wewe unaweza kuwa na mwingine akilini: mvuvi mwenye taa ya njano, mama aliyejifunga kanga moja yenye rangi. Njia ni ile ile. Ila nikuonye mapema: nyekundu itakula nusu saa ya muda wako, kijivu kitakula jioni tatu au nne, na kazi huharibikia huko kwenye kijivu.

Vitu vya mezani

Kijisanamu changu ni cha rezini, yaani plastiki ngumu ya kumiminwa kwenye kalibu, kimo chake milimita 54, kipimo cha siku nyingi cha wanajeshi wa kuchezea. Vile vya milimita 28 vinavyotumika kwenye michezo ya vita ya mezani vinafaa pia, ila uso wake unalingana na punje ya choroko. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, chukua kikubwa.

Rangi ni tano tu, zote za akriliki, yaani za kuchanganya na maji: nyeusi, nyeupe, kahawia iliyokolea, nyekundu na ya chungwa. Zile za chupa ndogo zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hii, kama Vallejo ya Hispania, Citadel ya Uingereza au The Army Painter ya Denmark, zina chembe laini sana, lakini kwetu mara nyingi hufika ndani ya begi la mtu aliyesafiri. Usikwame kwa kuzisubiri. Tyubu za akriliki za wachoraji zinatoa kijivu kizuri ukizilainisha kwa maji kidogo kidogo. Usichoweza kutumia ni rangi ya mafuta ya kopo, ile ya baiskeli waliyoizoea wachoraji wa Tingatinga. Kwenye ubao mng'ao wake ni uhai wa picha. Kwenye uso ulio mdogo kuliko ukucha inafukia macho, pua na masharubu.

Brashi: namba 1 yenye manyoya laini na ncha inayosimama, namba 0 ya vitu vidogo, na moja kuukuu iliyochanuka ambayo ulikuwa unataka kuitupa. Wanaoanza hukimbilia namba 000 wakidhani udogo ndio ustadi. Brashi hiyo haibebi rangi, na kwa joto la Dar hukauka njiani kabla haijagusa sanamu. Kinachochora macho ni ncha, na namba 1 nzuri ina ncha hiyo hiyo pamoja na tumbo la kubebea rangi.

Halafu tengeneza sahani ya unyevu. Chukua kopo bapa la plastiki lenye mfuniko, tandika sponji nyembamba au tishu za jikoni zilizolowa, juu yake weka karatasi ya kuokea keki. Rangi iliyo juu ya karatasi hiyo inakaa mbichi kwa saa nyingi. Bila sahani hii, na feni inazunguka juu ya kichwa chako, utakuwa unachanganya kijivu kile kile mara kumi na kila mara kinatoka tofauti.

Taa iwe nyeupe, ya mwanga unaofanana na wa mchana. Chini ya balbu ya njano kila kijivu kinakudanganya, na udanganyifu huo unaugundua asubuhi.

Kusafisha

Ondoa mstari wa kalibu, ule mchirizi unaopita ubavuni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, kisha msasa laini uliolowa maji. Uloweshe kweli, na uvae barakoa, maana vumbi la rezini halifai kuingia mapafuni. Kwenye sanamu ya rangi nyingi mstari huu unaweza kujificha. Kwenye kijivu kila mwinuko unashika mwanga, na mstari uliosahaulika utaonekana kama kovu la panga.

Osha kwa maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani ili mafuta ya kalibu yatoke. Kiache kikauke usiku kucha.

Praima, na hasira za masika

Mwaka mmoja nilipulizia praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, barazani mwezi wa nne, mvua imetulia kwa saa moja tu. Askari akatoka kama amepakwa sembe. Hewa yenye unyevu mwingi inaharibu praima ya kopo: inatua ikiwa na ukungu au chengachenga. Kwa mtu wa pwani, pulizia siku kavu, kuanzia saa nne asubuhi umande ukishakwisha, mahali pa wazi lakini pasipo upepo. Tikisa kopo dakika mbili, shika umbali wa sentimita 20 hadi 25, na upulizie kwa mapito mafupi yanayoanzia nje ya sanamu na kuishia nje yake.

Tabaka la kwanza ni nyeusi, kila upande, hadi chini ya kwapa. Ikikauka, pulizia kijivu kutoka juu kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, ukizungusha sanamu. Mwisho nyeupe kidogo sana, kutoka juu wima kabisa, kana kwamba ni jua la saa sita. Sasa kitazame. Bila brashi kugusa chochote, mabega yameng'aa, chini ya kidevu kuna giza, mikunjo ya kaptula inaonekana. Kipige picha mbele, nyuma na ubavuni. Picha hizo ndizo ramani yako, na utazirudia kila utakapopotea, maana utapotea.

Kama masika imekushika au huna kopo, paka praima nyeusi kwa brashi, tabaka mbili nyepesi. Kisha chukua ile brashi kuukuu, ichovye kwenye kijivu, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki kama haina kitu, na uifagie kutoka juu kwenda chini. Rudia kwa nyeupe kwenye sehemu za juu tu. Ramani itatoka na mikwaruzo kidogo, lakini inasomeka.

Kuchanganya kijivu

Hapa ndipo wengi wanapoona mambo rahisi. Nyeusi na nyeupe, basi. Jaribu kwenye karatasi na utaona kinachotoka kimeegemea buluu, kina ubaridi wa zege lililolowa. Peke yake hakina ubaya. Kikiwa ngozi ya mtu, mtu huyo amekufa. Ongeza kahawia kwenye mchanganyiko, kiasi cha ncha ya brashi kwa kila tone kubwa, mpaka ubaridi upungue lakini jicho lisiseme "kahawia". Picha za zamani zenyewe hazikuwa na kijivu cha zege, zilielekea ujoto.

Tengeneza ngazi tano, mstari mmoja kwenye sahani. Namba 1 ni nyeusi iliyolegezwa kidogo, namba 5 ni nyeupe iliyotiwa kivuli, na tatu kati yake. Nyeusi safi na nyeupe safi ziweke kando. Zina kazi yake mwishoni. Usianze na nyeusi ukiongeza nyeupe, utamaliza chupa. Nyeusi ina nguvu kupita kiasi, na nusu kwa nusu inatoa kijivu kizito ambacho hakiko katikati hata kidogo. Anza na nyeupe, utie nyeusi kama unavyotia pilipili.

Jambo jingine: akriliki ikikauka huwa nzito kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa sababu gundi yake ni ya maziwamaziwa ikiwa na maji na hugeuka angavu ikikauka. Kwa hiyo paka kila ngazi kwenye kipande cha boksi, subiri ikauke, ndipo uamue kama zimepishana sawa. Kipande hicho kiweke mbele yako hadi mwisho wa kazi.

Nani anapata ngazi ipi

Rangi zikiondoka, vitu viwili vinabaki kumwambia mtazamaji hiki ni nini: uzito wa kijivu chake, na namna kinavyoshika mwanga. Ukimpa kila mtu namba 3 kwa sababu "ni kijivu", utapata askari wa udongo.

Ukiwa Dar, nenda kwenye makutano ya Samora na Azikiwe ukaitazame sanamu ya Askari, ile ya shaba nyeusi iliyozinduliwa mwaka 1927, singe, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki, imeelekea bandarini. Rangi ni moja, chuma kimoja, na bado unajua wapi ni kitambaa, wapi ni ngozi, wapi ni bunduki. Ipitie saa sita mchana, uipitie tena saa kumi. Mimi nilijifunza kivuli pale kuliko kwenye video zozote, ingawa walinzi wa maduka walianza kuniulizauliza.

Askari wangu anavaa sweta ya buluu nzito, kaptula ya kaki, na vitambaa vilivyoviringwa kwenye ugoko. Kaki ni ngazi ya 4. Sweta ningeipa 2 kwa uzito wake halisi, lakini kumbuka ile filamu ya zamani: iliipenda buluu. Kwa hiyo naipa 3, na faida yake ni kwamba inaachana na shingo. Vitambaa vya miguuni 3 pia. Mkanda wa ngozi na mbao za bunduki ni 2.

Ngozi ya mtu nayo ni 2, na hapa nataka tukae kidogo. Miongozo mingi ya kigeni inaanzia ngozi ya Mzungu: kijivu chepesi, vivuli laini, mashavu meupe. Ukiifuata kwa askari wetu utamgeuza sanamu ya chokaa. Wengine wakikwepa kosa hilo humpaka mweusi mtupu, anabaki kivuli chenye kofia. Ngozi nyeusi haifanyi kazi hivyo. Sehemu kubwa yake ni nzito, ngazi ya 2 ikishuka hadi 1 chini ya mfupa wa shavu, kwenye matundu ya macho na chini ya mdomo. Lakini pale inaposhika mwanga inang'aa kwa ghafla, katika eneo dogo lenye ukingo: paji la uso juu ya nyusi, daraja la pua, kilele cha shavu, mdomo wa chini, vifundo vya vidole. Mtazame mtu yeyote aliyesimama kwenye kituo cha daladala juani. Kwa hiyo panda 3 kwa eneo finyu, 4 kwa eneo finyu zaidi, na katikati ya 4 weka nukta ya 5 kwenye pua na kwenye paji. Uso utasimama wenyewe. Weupe wa macho uwe ngazi ya 4. Ukiweka nyeupe askari ataonekana ameona jini.

Kupaka

Rangi iwe nyepesi kama maziwa, tabaka mbili au tatu badala ya moja nzito. Anza na ngazi ya msingi ya kila kitu, ukiruhusu ramani ya praima ionekane kwa chini. Kisha shuka kwenye vivuli, ndipo upande kwenye mianga. Vivuli kwanza, kwa sababu mkono ukiteleza mwanga unaoufuata utafuta kosa.

Kitambaa kinataka ngazi zote bila kuruka: 4, halafu 3 kwenye bonde la mkunjo, halafu 2 kwenye kina kabisa, na 5 kwenye mgongo wa mkunjo. Mpaka kati ya ngazi mbili ulainishe kwa mchanganyiko wa hizo mbili uliotiwa maji mengi, brashi ikiwa imefutwa nusu. Ngozi ya mkanda, kinyume chake, haitaki ulaini. Paka 2, kisha chora vistari vyembamba vya 4 kwenye kingo, kama mahali palipochubuka. Mbao ya bunduki ni vistari virefu vya 3 vinavyofuata urefu wake. Chuma ni cha fujo kabisa: nyeusi safi inakutana na nyeupe safi bila daraja. Kwenye mtutu paka nyeusi yote, halafu mstari mmoja mweupe kwa juu, mwembamba kama unywele. Singe ipake upande mmoja wa bapa mweusi na wa pili mweupe, kisha ugeuze mpangilio nusu ya njia. Kwa mbali kitu kinakuwa chuma chenye makali.

Kila baada ya nusu saa, simama. Fumba macho nusu na utazame. Kama sehemu mbili zimeyeyuka na kuwa kitu kimoja, moja inatakiwa kuzidi kuwa nyeupe au nyeusi. Halafu chukua simu, weka kamera kwenye nyeusi na nyeupe, upige. Linganisha na picha ya kawaida. Zikitofautiana kwa rangi, kuna kahawia uliyoizidisha mahali.

Mwisho wa hatua hii, nyeusi safi iliyotiwa maji ipite kwenye maungio: kati ya mkanda na sweta, kati ya kidole na bunduki. Kitako cha chini kipake kijivu pia, kokoto na yote. Rafiki yangu mmoja alibandika majani ya kijani kitakoni "ili kiwe hai". Jicho likaenda kwenye majani, na tarbushi ikawa kama imesahaulika kufutwa.

Tarbushi

Usipake nyekundu juu ya kijivu. Nyekundu nyingi zina ufunikaji dhaifu, na juu ya kijivu zinageuka matofali yaliyolowa. Rudisha tarbushi kwenye weupe kwanza: ngazi ya 5 upande wa juu na mbele, ikishuka hadi 3 nyuma na karibu na masikio. Ikikauka, pitisha nyekundu nyepesi, tabaka tatu hadi nne, kila moja ikiwa imekauka kabisa kabla ya inayofuata. Weupe wa chini unaisukuma nyekundu mbele, na vivuli ulivyokwisha kuweka vinabaki mahali pake.

Kivuli cha tarbushi kiongeze kwa nyekundu yenye kahawia. Nyeusi inaizima. Mwanga upate kwa nyekundu yenye chungwa kidogo, maana ukitia nyeupe utapata tarbushi ya waridi, na hilo babu asingelisamehe. Mwanga utoke upande ule ule unaomulika mabega, vinginevyo kofia itaonekana imekatwa kwenye picha nyingine. Kitambaa chake hakina mng'ao, kwa hiyo mipaka yote iwe laini. Shada ni nyeusi, na vistari viwili vya ngazi ya 3.

Sasa utaona kitu cha ajabu: kijivu ulichokiacha salama jana kimeanza kuelekea ukijani, hasa usoni chini ya tarbushi. Hujakosea kuchanganya. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia utiaji rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za pale zimepauka. Akazipima, hazikuwa na kasoro. Zilikuwa zinapaushwa na rangi zilizofumwa ubavuni mwake. Mwaka 1839 alichapisha kanuni yake: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja inaisukuma mwenzake kuelekea kinyume chake. Kinyume cha nyekundu ni kijani. Dawa ni kupitisha maji yenye kahawia kidogo mno juu ya paji na mashavu, tabaka moja, kisha kutazama tena mchana.

Na hapo uache. Utatamani kugusa mdomo kwa wekundu, utatamani utepe wa nishani kifuani. Osha brashi.

Vanishi na mabaki

Tumia vanishi isiyong'aa, siku kavu kama ile ya praima, tabaka mbili nyepesi. Vanishi hiyo hupausha nyeusi kidogo, kwa hiyo baada ya kukauka mimi hurudia nyeusi safi kwenye maungio machache na mtutuni, kisha naweka tone la vanishi inayong'aa kwenye kila jicho.

Vile vijivu vitano usivitupe. Sanamu itachubuka siku moja, na kupata tena kijivu kile kile ni kazi ya bahati. Funika sahani vizuri uiweke kwenye friji, itakaa siku kadhaa, na uandike juu ya mfuniko kwa herufi kubwa kwamba si chakula.